Uzi unayeyuka, mzigo unabaki na nani?

Msomaji wa Dodoma ameniandikia hivi:

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa umma, nina miaka 47. Nilirudi nyumbani Dodoma ofisi zetu zilipohamia huku. Wiki tatu zilizopita rafiki yangu aliwekewa nyuzi za kuvuta mashavu. Sasa akicheka, shavu la kushoto linabonyea kashimo, na pembeni ya nywele anagusa kitu kama unywele wa mswaki. Aliyemwekea alisema nyuzi zitayeyuka baada ya miezi 6, ila uso utakaa juu miaka 2. Nilisoma sayansi hadi kidato cha sita na jambo hili linanikera: kamba ikishayeyuka, mzigo unaning'inia kwenye nini? Naomba unieleze nyama ya uso inaufanya nini ule uzi, kabla na mimi sijapeleka mashavu yangu. Niongeze kwamba nilipotoboa sikio nikiwa msichana kilitokea kinundu kama kunde, mpaka leo kipo. Na zamani nilipaka mkorogo, nimeacha. Baba yangu analima zabibu Hombolo, mimi ni mtoto wa jua na vumbi."

Marahaba, dada.

Swali lako la kamba na mzigo ndilo swali lenyewe, na wauzaji wengi wa huduma hii hawapendi kuulizwa. Jibu fupi ni kwamba miezi michache tu baada ya kuwekwa, mzigo hauko tena kwenye uzi. Uko, kwa kiasi na kwa muda, kwenye kovu ambalo mwili umelijenga kuuzunguka. Anayelipia nyuzi analipia makovu membamba yaliyopangwa kwa mstari. Na kovu halitoki kwenye pakiti, linatoka kwa mwenye shavu. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuwekewa nyuzi za aina moja, na mikono ileile, siku ileile, halafu baada ya mwaka mmoja wasifanane hata kidogo.

Ukienda Hombolo wikiendi, muombe mzee akuonyeshe shina la mzabibu mkongwe ambalo limekaa miaka mingi likigusana na waya. Utakuta gamba limeufunika waya, mti umeumeza. Mzabibu haukuupenda ule waya. Ulishindwa kuusogeza, ukaamua kuuzungushia ukuta. Shavu nalo hufanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba waya wa shavuni unakwisha ukiwa ndani ya ukuta wake. Nitaurudia mfano huu, kwa sababu kuna mahali unanisaidia na mahali unanisaliti.

Uzi huingizwa ukiwa ndani ya sindano ndefu, au ndani ya kanula yenye ncha butu, kupitia kitundu kimoja karibu na nywele za panjani. Unapita kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi hadi karibu na mdomo au taya. Nyuzi za kunyanyua huwa na miiba, kama seng'enge iliyofanywa ndogo sana. Daktari akiivuta, miiba inakamata nyama, shavu linapanda. Wazo lenyewe si jipya: John Alcamo alipata hataza ya uzi wa miiba huko Marekani mwaka 1964, kwa ajili ya kufunga vidonda, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Marlen Sulamanidze akaupeleka usoni kwa nyuzi za plastiki ya polipropilini alizoziita Aptos. Zile hazikuyeyuka. Kuna wanawake waliobaki nazo usoni kwa miaka, nyingine zikahama, nyingine zikachungulia nje ya ngozi. Ndiyo sababu mojawapo leo karibu kila mtu anatumia nyuzi zinazoyeyuka.

Sasa ndani. Sindano imepasua mishipa midogo ya damu njia nzima. Chembe sahani zinaziba, na zinapoziba zinamwaga kemikali za kuita wenzao. Ndani ya saa 24 zinafika chembe nyeupe za zamu ya kwanza, nyutrofili, zikitafuta bakteria wa kuua. Shavu linavimba, linauma ukitafuna, linaweza kuvilia damu. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha uvimbe huwapata takribani theluthi moja ya wanaowekewa. Mimi ningeshangaa zaidi kwa wale theluthi mbili waliosema hawakuvimba.

Kuanzia siku ya pili au ya tatu zamu inabadilika. Wanakuja makrofeji, jina lenye maana ya walaji wakubwa, na kazi yao ni kumeza takataka. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu kwa mtu wa sayansi kama wewe. Seli moja ya makrofeji ina upana wa kama mikromita 20. Uzi wa kunyanyua una unene wa karibu milimita 0.3, yaani mara kumi na tano ya huyo anayetaka kuumeza, na urefu wake ni sentimita kadhaa. Mlaji anafika, anaugusa, anagundua hautoshi kinywani. Anaita wenzake, wanaungana miili kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, na hiyo seli jitu inajibandika kwenye uzi. Bado haiwezi kuumeza. Ikishindikana kumeza, mwili una njia ya pili, ambayo ni kuuwekea uzio.

Wajenzi wa uzio ni seli zinazoitwa fibroblasti. Wanaanza kuonekana katika wiki ya kwanza, wakiitwa na kemikali za wale walaji walioshindwa. Wanamwaga kolajeni, protini ya nyuzinyuzi inayoipa ngozi uimara. Ile ya kwanza ni kolajeni changa, aina ya 3, laini, iliyotandikwa ovyo kama majani ya kuezekea yaliyotupwa chini kabla fundi hajapanda paa. Wiki zinavyokwenda inaondolewa na kubadilishwa na aina ya 1, nene na ngumu, inayopangwa kufuata upande wa mvuto. Baadhi ya fibroblasti huota nyuzi za kujikunja kama za misuli na kuanza kuvuta, kwa hiyo kovu linasinyaa kidogo kwa urefu wake. Huo mvuto mdogo wa kovu linalosinyaa ndio sehemu ya kweli ya tangazo la "kuchochea kolajeni". Tangazo halidanganyi kwamba kolajeni inaongezeka. Linakaa kimya tu kuhusu jina la kolajeni inayoongezeka pale penye jeraha. Jina lake ni kovu.

Kovu halina haraka, na uzi haulisubiri.

Nyuzi nyingi zinazowekwa Tanzania, ukiangalia pakiti, zimeandikwa PDO, yaani polidioksanoni. Huu ni uzi wa kushonea ambao wapasuaji wameutumia tangu miaka ya 1980 kufunga matumbo na kuta za tumbo, kwa hiyo tabia yake tunaijua vizuri. Hauliwi na vimeng'enya kama ule uzi wa zamani uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo, ambao kwa mgonjwa mmoja ulidumu na kwa mwingine ukaisha mapema. PDO huvunjwa na maji tu. Maji ya mwilini yanaingia kati ya viungo vya mnyororo wake na kuukata kipande kwa kipande, na mabaki mengi yanatoka kwa mkojo. Hadi upotee kabisa inachukua miezi 6 hadi 8. Hiyo ndiyo "miezi 6" aliyosikia rafiki yako.

Lakini kupotea na kudhoofika ni vitu viwili. Kamba inaweza kuonekana yote na isibebe ndoo. Kutegemea unene wake, uzi wa PDO wiki ya 4 umebaki na kama nusu ya nguvu yake, wakati mwingine zaidi kidogo, na kila wiki inayofuata unashuka. Na hapo nazungumzia uzi laini wa kushonea. Uzi wa miiba ambao miiba yake imechongwa kwa kuukata uzi wenyewe umeshapunguzwa unene kiwandani, kwa hiyo unaanza mbio ukichechemea. Zile ambazo miiba yake imefinyangwa kwenye kalibu pamoja na uzi ni imara zaidi, na bei yake inasema hivyo.

Upande wa pili, kovu. Jeraha la wiki tatu lina nguvu ya kati ya asilimia 20 na 30 ya ngozi nzima. Hufika karibu asilimia 80 baada ya miezi mitatu hivi, na halivuki hapo sana hata ulingoje miaka. Ziweke hizo hesabu mbili pamoja. Kuna kipindi, kuanzia wiki ya tatu kwenda mwezi wa tatu, ambapo uzi unapungua na kovu bado halijakomaa. Wanaoniambia "daktari, lilikuwa zuri halafu siku moja nikaona limeshuka" mara nyingi wananitajia kipindi hicho. Kwa sababu hiyohiyo tunamwambia mtu aliyewekewa nyuzi asipanue mdomo kwa wiki mbili tatu, asiende kung'oa jino, alale chali, asisuguliwe uso saluni. Tunalinda miiba hadi ukuta ukauke.

Sasa mfano wa mzabibu unaponisaliti. Waya wa Hombolo umefungwa kwenye nguzo, nguzo imezikwa ardhini. Uzi wa shavuni umefungwa kwenye nini? Mara nyingi kwenye mafuta. Mafuta ya uso ni laini kama siagi, yamegawanywa na vitandio vyembamba vya nyama ngumu, na mwiba ukikosa kitandio unakamata siagi. Halafu mwenye uso anaongea, anatafuna mahindi ya kuchoma, anacheka kwenye msiba wa mtani, anapiga miayo kikaoni. Kila mwendo ni mvuto. Mwiba unakata mafuta polepole kama uzi unavyokata ugali wa moto, na ukishakata njia hakuna cha kushika. Uzi upo, haujayeyuka, kovu linajengwa, ila linajengwa kuzunguka uzi ambao umeshaachia. Kovu zuri, mahali pasipofaa.

Ndiyo maana mimi huangalia kwa jicho la shaka picha za "kabla na baada" zilizopigwa wiki ya kwanza. Shavu lililovimba ni shavu lililojaa. Mikunjo imenyooka kwa maji ya uvimbe, ngozi inang'aa kwa sababu imetanuka. Omba picha ya mwezi wa 12, taa ileile, mtu huyohuyo bila vipodozi, akiwa hajaongezewa sindano ya kujaza. Mwenye nazo atakuonyesha kwa furaha, na hao ndio watu wa kwenda kwao. Katika taarifa za kitabibu zilizofuatilia watu kwa mwaka na zaidi, unyanyuko mwingi ulikuwa umerudi chini. Wengine walibaki na kitu, wengi si kile walicholipia. Miaka 2 aliyoahidiwa rafiki yako siwezi kuitetea kwa uzi wa PDO.

Kuna nyuzi nyingine. PLLA, polima ya asidi ya laktiki, ileile ambayo misuli huitengeneza ukikimbia kupanda mlima, inachukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu au zaidi kuisha, na inachochea fibroblasti kwa muda mrefu zaidi. PCL, polima nyingine iitwayo polikaprolaktoni, inakaa zaidi ya hapo. Kinadharia kovu linapata nafasi ya kukomaa kabla kamba haijaisha. Hilo ni kweli, nami naliona lina mantiki. Ila na ubaya nao unakaa muda huohuo: ukipata kinundu kwa uzi wa PDO unaweza kusubiri miezi, ukikipata kwa uzi wa PCL jiandae kwa miaka. Zile nyuzi nyembamba laini zisizo na miiba, ambazo huwekwa kumi, ishirini, thelathini usoni kama mbegu, hazinyanyui kitu. Zinajeruhi mahali pengi na kuacha kolajeni kidogo kila mahali. Anayekuambia zitakuvuta taya anakuuzia mbegu za mchicha kwa bei ya shamba.

Ukishapita mwaka, uzi umeisha, lile kovu nalo linafanyaje? Fibroblasti ni seli zinazosikia mvuto. Zikivutwa, zinajenga. Mvuto ukiisha, zinapunguza kazi, baadhi zinakufa, na kovu linaanza kumomonyolewa na vimeng'enya vya mwili. Kwa wanyama wa maabara waliochunguzwa kwa hadubini, ule ukuta uliozunguka uzi huwa mnene katika miezi ya mwanzo, kisha hupungua uzi unapopotea, unabaki mstari mwembamba wa kolajeni. Na wakati huohuo uzee haujaenda likizo. Mfupa wa taya na wa tundu la jicho unaendelea kupungua, mafuta ya mashavu yanashuka na kukonda, kano zinalegea. Kovu jembamba linashindana na hayo yote peke yake.

Nije kwako sasa, maana umeniambia mambo mawili ambayo aliyemhudumia rafiki yako labda hakuuliza.

La kwanza ni sikio. Kinundu kama kunde kilichotokea palipotobolewa na kubaki miaka yote hii, kwa maelezo yako, kinafanana sana na keloidi. Kovu la kawaida linajua mipaka ya jeraha lake. Keloidi inavuka mpaka, inaingia kwenye ngozi ambayo haikuumizwa, kwa sababu fibroblasti zake hazisikii amri ya kuacha. Watu wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi kuliko wengine, na sehemu inazozipenda ni ndewe za masikio, kifua, mabega na mstari wa taya. Sasa soma tena nilichoandika juu: huduma hii kazi yake ni kuziamsha fibroblasti makusudi, tena kwa tundu lililo sentimita chache kutoka kwenye sikio lako. Sisemi kila mwenye keloidi ya sikio atapata nyingine kwenye panja. Wengine wanapasuliwa na kupona vizuri. Nasema wewe umeshaona mwili wako unavyojibu tundu dogo la sindano ya hereni, na mimi kwa mgonjwa wa aina hiyo sipeleki uzi. Kuna wenzangu wangepeleka baada ya kumwonya. Tunatofautiana.

La pili ni mkorogo, na hapa niseme kwa upole kwa sababu najua wengi wanasoma kwa siri. Sehemu kubwa ya mikorogo ina dawa za steroidi kali, kama klobetasoli, mara nyingine na haidrokwinoni au zebaki. Steroidi ikipakwa miezi na miaka inazilaza fibroblasti. Kolajeni ya ngozi inapungua, ngozi inakuwa kama karatasi ya sigara, mishipa midogo myekundu inaonekana mashavuni. Ngozi ya namna hiyo ikiwekewa uzi inaweza kuonyesha uzi wenyewe, mstari unaoonekana kwa nje kila ukigeuka kwenye mwanga. Vilevile inavilia damu kirahisi na inachelewa kupona. Na baada ya uvimbe inaweza kuacha weusi kwenye matundu, ambao kwa ngozi zetu hudumu kuliko uvimbe wenyewe. Umeacha, vizuri, ngozi hurudisha unene kwa kiasi. Lakini mtu akinijia mwaka mmoja tu baada ya kuacha, namwambia arudi baadaye, na hadi hapo avae kofia pana na apake mafuta ya kuzuia jua. Jua la Dodoma la saa saba mchana lina mchango mkubwa kwenye mashavu yaliyolegea kuliko watu wanavyokiri, hata sisi weusi ambao melanini inatukinga kwa sehemu.

Unaweza kushangaa kwamba nimetaja keloidi na mkorogo kwa mtu mmoja, moja ikizidisha kovu na nyingine ikilipunguza. Havifutani. Mkorogo unakondesha ngozi ulipopakwa. Keloidi ni tabia uliyozaliwa nayo. Unaweza kuwa na shavu jembamba linaloonyesha uzi na panja lenye kinundu.

Kuna kundi jingine ambalo halimo kwenye barua yako, ila huniuliza sana faraghani. Ni watu waliotumia dawa za ARV za zamani, hasa stavudini, na mashavu yao yakabonyea. Kule ndani mafuta yenyewe yalikufa. Kuvuta shavu lisilo na kitu ni kuvuta pazia kwenye dirisha tupu, linazidi kuonyesha mifupa. Hao wanahitaji kujazwa, si kuvutwa. Ile PLLA niliyoitaja, katika umbo la sindano, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya watu hao hasa.

Kuhusu mikono. Kina cha kupitisha uzi ni suala la milimita. Ukipita juu sana, ndani ya ngozi yenyewe, ngozi inakunjamana, inabonyea, au uzi unatafuta njia ya kutoka. Ukizama sana, uko mtaa mmoja na mishipa ya fahamu inayosogeza mdomo na kope, na tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, ambayo ikitobolewa inaweza kuvujisha mate ndani ya shavu. Hii si kazi ya saluni, hata kama saluni ina kiyoyozi na cheti ukutani. Muulize anayekuwekea amesajiliwa wapi, na kwa daktari jibu linaanzia Baraza la Madaktari Tanganyika. Vifaa navyo vina mamlaka yake, TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Omba kuona pakiti ikifunguliwa mbele yako, soma tarehe. Kumbuka kinachovunja uzi huu ni maji: pakiti ya foili ipo ili unyevu usiingie. Uzi uliobaki kwenye pakiti iliyofunguliwa jana umepoteza usafi, na umeshaanza kunywa unyevu wa hewa. Nimeshaona mtu akitunza nusu ya pakiti "kwa mteja wa kesho". Nilimwomba aitupe nikiwa nimesimama palepale.

Usafi wenyewe nauogopa kuliko kovu. Uzi ni reli ndefu inayotoka nje ya ngozi hadi katikati ya shavu, na bakteria akipanda pale mlangoni ana usafiri. Usaha wa siku chache, wenye joto na maumivu, unajulikana na unatibika, mara nyingi kwa kutoa uzi pamoja na dawa. Unaotusumbua ni ule wa taratibu: vinundu vigumu vinavyotokea wiki au miezi baadaye, vyekundu au vya zambarau, visivyosikia antibayotiki za kawaida. Ndani yake wakati mwingine wamo bakteria wa ukoo wa kifua kikuu, si wale wa kifua kikuu chenyewe, wanaoishi kwenye maji ya bomba na udongo. Wanahitaji kipimo maalumu na dawa kwa miezi. Ukiwa na kinundu cha namna hiyo, mwambie daktari kwamba uliwekewa nyuzi, hata kama uliona aibu kumwambia mumeo. Bila hiyo habari moja maabara itaotesha vimelea vya kawaida na kukuandikia kwamba hakuna kitu. Mwenye kisukari ambacho hakijatulia, asubiri kwanza sukari itulie.

Ungeniuliza kama ningekuwekea, ningesema hapana, kwa sababu ya sikio. Kama unatafuta taya lililonyooka kwa miaka, kinachofanya hivyo ni upasuaji wa kuinua uso, ambapo daktari anakaza ule utando mgumu ulio juu ya misuli na kuondoa ngozi iliyozidi. Nao una makovu, tena mbele na nyuma ya sikio, kwa hiyo kwako swali la keloidi linarudi pale pale kwa nguvu zaidi. Lazima kwanza mtu aliangalie hilo sikio. Anza na kliniki ya ngozi kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe.

Tumalize na rafiki yako, maana yeye hawezi kusubiri makala.

Kashimo wakati wa kucheka, wiki ya tatu, huwapata kama mtu mmoja kati ya kumi. Mwiba umekamata chini ya ngozi mahali padogo na kuivuta ndani. Mengi hulainika yenyewe katika wiki zinazofuata mwiba unapoachia. Aliyemwekea anaweza kuubonyeza na kuusukuma kwa vidole kufuata njia ya uzi ili kuufungua, na ni bora afanye hivyo sasa kuliko mwezi wa tatu kovu likishashika. Asijikande mwenyewe kwa nguvu akiwa mbele ya kioo, anaweza kuachia miiba ya upande mzima akabaki na mashavu mawili ya watu wawili.

Ile ncha ya mswaki ndiyo inanipa wasiwasi. Hiyo ni ncha ya uzi ambayo haikukatwa chini vya kutosha, au imeanza kupanda. Kama ngozi juu yake bado imefunga, haina wekundu wala joto, aende ndani ya siku chache. Itakatwa kwa ganzi kidogo, kazi ya dakika chache. Kama imeshatoboa, au kuna unyevu, au panauma ukigusa, aende leo. Hadi atakapofika asipake mafuta ya nywele wala asisuke upande huo, afunike kwa kitambaa safi vumbi lisiingie. Na asiivute kwa kibano cha nyusi: miiba imeng'ang'ania nyama ndani, na atakachopata mkononi ni nusu ya uzi.